Ukuta Tuliouona Wote

Jumapili ile tulikuwa saba kwenye parseli, kiwanja chetu cha Majengo hapa Goma. Nilikuwepo mimi. Alikuwepo mdogo wangu wa kiume anayenifuata, yule aliyesoma ujenzi, na tablete yake mkononi. Alikuwepo dada yetu wa mwisho. Alikuwepo baba mdogo, ndugu ya marehemu baba, aliyepanda boti kutoka Bukavu kuja kutusikiliza. Alikuwepo mama jirani, mjane, ambaye ukoo wake ulitoka Maniema na biashara ya vitambaa. Alikuwepo mwanawe mkubwa, dereva wa lori. Na alikuwepo mzee wetu wa avenyu, mkubwa wa barabara yetu, ambaye kila ugomvi wa mfereji na wa kuku huishia kwenye benchi lake.

Nawataja kwanza kwa sababu kwetu, katika mambo ya ardhi, waliokuwepo ndio karatasi. Karatasi yenyewe tunayo, lakini inasema tu kwamba upande huu tunapakana na fulani na upande ule na fulani. Haisemi ni jiwe gani. Zamani mtu alikimbilia ofisi ya ardhi. Tangu mji ubadilishe mikono, hujui nani amekaa nyuma ya meza, wala kama kesho atakuwa bado amekaa hapo. Kwa hiyo tunarudia njia ya wazee: watu wanaopakana wanaitwa pamoja na mkubwa wa avenyu, wanatembea kwenye mpaka kwa miguu yao, kisha wanakunywa kitu pamoja. Ukishatembea na ukishakunywa, umeshuhudia.

Uzio wetu wa mbao ulipotea wakati wa volkeno ya mwisho, tulipokimbilia Sake pamoja na nusu ya mji. Tuliporudi tulikuta nyumba imesimama, ila uzio ulikuwa umegeuka kuni za watu. Kati yetu na mama jirani hapakubaki kitu ila mazoea. Kuku wake walitaga kwetu, sisi tulianika nguo kwake, na hakuna aliyeuliza.

Baba alikufa kwanza. Mama alipomfuata, nilikuwa mwaka wa pili wa sekondari. Niliacha masomo nikakaa kwenye mashine yake ya kushona, na tangu siku hiyo nashona sare za shule za watoto wa watu, na kwa pesa hiyo niliwasomesha wadogo zangu. Mwaka wa kwanza tulipikia kwenye jiko la mama jirani, maana bei ya makala, makaa ya kupikia, ilitushinda. Ndiyo sababu mpaka leo siwezi kumjibu kwa sauti ya juu.

Sasa, shimo. Nyuma ya nyumba yetu, karibu na upande wa mama jirani, kuna shimo la choo alilolichimba baba. Mtu asiyeijua Goma atashangaa kusikia shimo likiitwa urithi. Chini yetu ni jiwe la volkeno, jembe haliingii. Baba alichoma matairi juu ya jiwe, akalimwagia maji ya baridi ili lipasuke, kisha akalipiga kwa nyundo na patasi, jioni baada ya kazi, tangu msimu mmoja wa mvua hadi mwingine. Wengi walianza kuchimba yao wakaishia magotini. La baba lilishuka mpaka ukitupa kokoto unasubiri kuisikia. Ukitaka kujenga nyumba ya kudumu katika mtaa wetu, kwanza unaulizwa: shimo munalo?

Tulikuwa nalo. Mdogo wangu alichora nyumba yake kuanzia hapo.

Baba mdogo alikuwa ametwambia kwa simu kwamba afadhali parseli iuzwe, kila mtoto achukue sehemu yake, ukoo upumue. Kwa desturi yetu neno lake ni zito, na bila yeye hatuwezi kuweka hata jiwe moja. Mdogo wangu hakubishana naye. Alisema tu: aje aione nyumba kwanza.

Alisema hivyo kwa sababu ya kazi aliyokuwa amejifunza. Anachora nyumba kwenye kompyuta, anaihamishia kwenye tablete, halafu unaposimama kwenye kiwanja kitupu na kuinua kile kioo, nyumba inasimama mbele yako kwa ukubwa wake wote, juu ya mawe yako mwenyewe. Unasogea, nayo inabaki mahali pake. Unaingia mlangoni, unaona vyumba. Ukishusha kioo, kuna mawe na kamba ya nguo.

Yeye alitaka kumshawishi baba mdogo. Mimi nilitaka siku iwe na heshima. Nilisema tumwite mzee wa avenyu, na mama jirani pia, asije akasikia habari za ujenzi wetu kwa watu wa nje. Nilinunua kreti ya soda, dada yetu akakaanga sambaza, dagaa wa ziwa letu. Hakuna aliyefikiri kwamba tulikuwa tumepanga meza ileile ambayo watu huipanga wanapoweka mpaka.

Ilikuwa siku nzuri, lazima niseme hivyo. Mzee wa avenyu alishika kioo, akafika mahali pa kizingiti, akainua mguu juu sana asijikwae. Tulicheka mpaka naye akacheka. Baba mdogo aliinama kupita mlango ambao haukuwepo. Akauliza chumba cha mgeni ni kipi, akaonyeshwa, akasimama ndani yake juu ya mawe kwa muda mrefu kama mtu anayejaribu kitanda. Mama jirani alivua kandambili zake kabla ya kuingia sebuleni. Mdogo wangu akamwambia mawe yana moto, avae tu.

“Salon ni salon,” alisema, akapita pekupeku.

Mwanawe, dereva, ndiye aliyetaka kuona ukuta wa nje. Mdogo wangu alikuwa amechora na ukuta wa kuzunguka parseli, wa mawe meusi na saruji nyeupe katikati, kama zile za watu wenye uwezo. Basi tukatembea. Tulianza kona ya barabarani, tukashuka upande wa mama jirani mpaka nyuma, tukizunguka mawe na ndoo, kioo kikipita mkono kwa mkono, kila mmoja akisema ukuta huu ni mzuri. Tulipofika nyuma nilichungulia juu ya bega la mzee. Shimo la baba halikuonekana kwenye kioo. Mbele yetu palikuwa na ukuta tu, umenyooka. Nilidhani shimo limefichwa na mchoro, kama kamba ya nguo ilivyofichwa.

Kisha tukanywa soda. Baba mdogo akasema mbele ya wote kwamba hauzi tena, watoto wajenge. Dada yetu alilia kidogo. Mimi nilikwenda kuosha glasi ili nisionekane.

Mvua kubwa za msimu zilipokwisha, asubuhi moja nilisikia mawe yakimwagwa. Nilitoka nje na utepe wangu wa kupimia ukiwa shingoni. Lori la dereva lilikuwa limerudi nyuma mpaka kwetu, na mafundi wawili walikuwa wanavuta kamba ya ujenzi toka barabarani. Niliifuata ile kamba kwa macho. Ilipita upande wa huku wa shimo, hatua mbili kubwa ndani ya parseli yetu. Shimo la baba lilikuwa limebaki ng’ambo.

Nilimuuliza dereva kama mafundi wake wamelewa.

“Yaya, usikasirike,” alisema. Ananiita yaya, mkubwa wake, kama wadogo zangu wanavyoniita. “Hii ligne ya kamba si yangu. Ni yenu. Mulituita, mukatutembeza, mukatunywesha. Mimi najenga tu pale mulituonyesha.”

Alihitaji nafasi ya kuweka lori ndani, alisema, kwa sababu barabarani halilali salama siku hizi. Na shimo? Alitazama chini. Alisema alidhani tunachimba lingine, maana kwenye nyumba ile ya kioo vyoo vilikuwa ndani.

Nilimwita mdogo wangu. Alifika anakimbia, akawasha tablete, akakaa juu ya jiwe akiangalia picha alizozihifadhi siku ile. Nilimwona akibadilika uso. Alinieleza polepole, na nilielewa, kwa sababu amenizoesha kumuelewa. Kile kifaa hakijui kiko wapi duniani. Kinatazama ardhi kwa jicho lake, kinakumbuka alama, na kwa alama hizo kinaishikilia nyumba. Lakini mawe yetu yote ni meusi na yanafanana. Jua lilikuwa kali, watu walikuwa wanapita mbele yake, kioo kilikuwa kinabadilisha mikono. Kilianza vizuri barabarani, halafu kikapoteza alama na kuteleza taratibu, nyumba nzima ikasogea nacho. Hakuna aliyeona, kwa sababu hapakuwa na uzio wa kuilinganisha nao. Na sisi tulikuwa tunatazama uzuri.

Mzee wa avenyu alisimamisha mafundi, akatuita sote kwenye ua wake. Baba mdogo alikuwa amerudi Bukavu. Tulimweka kwenye simu, sauti juu, juu ya benchi. Mzee aliuliza kila mmoja: ulikuwepo? Uliuona ukuta? Ulipita wapi? Baba mdogo alisema alikuwepo, na ukuta aliuona, ila mawe ya Goma kwake ni mamoja. Kisha akaongeza kwamba kama shimo limetoka, neno lake la kujenga atalitazama upya. Dada yetu aliuona. Mimi niliuona. Siwezi kusema sikuuona.

Mama jirani alikuwa amekaa kando ya mwanawe. Nilimtazama yeye zaidi ya wengine, kwa sababu anajua uzio ulikuwa wapi; aliufungia mbuzi wake miaka mingi. Alisema:

“Zamani uzio ulikuwa kule. Lakini nilitembea hii mara, na nilikunywa. Nikisema sikutembea, kesho nani ataniamini?”

Hakusema kwa ubaya. Hata mimi niliona kwamba hakuwa na njia. Mtu aliyenywa hawezi kuitapika soda kwa sababu watoto wa jirani wanaumia.

Mdogo wangu akaanza kueleza habari za alama na jua. Alieleza vizuri mno. Alisema vipimo ndani ya mchoro ni sahihi, ni namna ya kuonyesha tu ndiyo iliyosogea. Dereva alimsikiliza mpaka mwisho.

“Injenia,” alimuuliza, “kile tuliona, ni kweli ao ni uongo?”

Watu waliokuwa wamesimama mlangoni walicheka. Mzee alinyanyua mkono wakanyamaza. Akasema hukumu ni nyepesi. Kama kile kifaa kinasema kweli, ukuta uko pale tulipouona. Kama kinasema uongo, mwenyewe aje aseme hapahapa, mbele ya watu walewale na wengine wanaotaka kusikia, nasi tutatembea upya. Alitupa mpaka kesho yake mchana.

Tulirudi nyumbani, na mdogo wangu hakuingia ndani. Alikaa nje akifuta kioo kwa pindo la shati. Nilijua anachowaza. Kazi ya ujenzi ilikuwa imekauka mjini. Banki zimefungwa, wenye pesa wanazificha, na wale wachache wanaothubutu kujenga wanataka kuona kwanza. Kile kioo ndicho kilikuwa kinamtofautisha na wachoraji wengine wote waliokaa bila kazi. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa Mugunga, muuza mbao, aliyetaka nyumba ya ghorofa, na alikuwa ameomba kuonyeshwa kwenye kiwanja chake juma lililofuata. Habari za mdogo wangu alizipata kwa mzee wetu wa avenyu mwenyewe, aliyekuwa anasimulia kila mahali jinsi alivyoinua mguu kwenye kizingiti cha hewa. Kama njia ya habari njema ilikuwa hiyo, ya habari mbaya ingekuwa ileile, na ingekwenda mbio zaidi.

Nilikaa karibu naye. Nilimuuliza kama kuna namna ya kusema bila kusema. Alisema ameitafuta tangu asubuhi.

“Yaya, shimo ni la baba na nyumba ni ya sisi wote,” alisema. “Ukinituma niseme, nitasema. Lakini unitume. Peke yangu sitaweza.”

Nilifikiri juu ya dada yetu, ambaye bado anasoma. Nilifikiri kwamba bila shimo hatuna hata choo cha kesho asubuhi, achilia mbali nyumba; kwamba baba mdogo atasema uzeni, na tukiuza katika miezi hii tutapewa bei ya mawe. Sikufikiri sana juu ya mfanyabiashara wa Mugunga. Yeye alikuwa mmoja, na sisi tulikuwa na paa moja.

“Nenda useme,” nilimwambia.

Kesho yake ua wa mzee haukutosha. Avenyu nzima ilikuja, kwa sababu mambo ya kuchekesha siku hizi ni machache. Tulihamia kwenye parseli. Mdogo wangu alisimamisha nyumba kwenye kona ya barabarani, akapima kwa futi mbele ya watu kuonyesha kwamba hapo imekaa sawasawa. Kisha akampa mzee kioo na kumwomba atembee kama siku ile, polepole, na ampe dereva, na dereva ampe mama yake. Yeye mwenyewe alibaki nyuma, mikono mgongoni, kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

Zamu hii kilikosea zaidi. Labda kwa sababu ya umati. Mama jirani alipokipokea na kugeuka, alianza kucheka mpaka akashika ubavu. Ukuta wetu ulikuwa umeingia kwake, umekata jiko lake katikati, sufuria moja upande huu na nyingine upande ule.

“Njooni muone,” alisema. “Leo watoto wamenichukulia mpaka maharage.”

Kila mtu alitaka kuona. Kioo kilipita kwa watu, na kadiri kilivyopita ndivyo nyumba ilivyozidi kutangatanga, mara imepanda barabarani, mara imelala kwenye mfereji. Vijana waliipigia miluzi. Mdogo wangu hakucheka wala hakukiomba. Mzee alingoja mpaka watu walipochoka, akamwambia picha imesema, sasa aseme yeye kwa mdomo.

Alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida.

“Ukuta niliowaonyesha siku ile haukuwa mahali pake. Kifaa changu kilikosea, na mimi sikukiangalia. Nawaomba musiushuhudie.”

Mzee akatangaza kwamba kutembea kwa kwanza kumefutwa. Tulitembea tena, kioo kikiwa kimezimwa. Mama jirani alitangulia. Alifika nyuma, akapita shimo, akasimama alipokuwa akifunga mbuzi wake, akagonga jiwe kwa kisigino. Hapa, alisema. Mwanawe alihamisha kamba bila kututazama. Soda nilinunua tena, na safari hii nilihesabu watu wakinywa, kila mmoja, mpaka dereva naye aliposhusha chupa.

Baba mdogo kwa simu alisema ni vizuri, neno lake limerudi, tujenge Mungu akipenda.

Mfanyabiashara wa Mugunga hakupiga simu. Mdogo wangu alimpigia yeye, akajibiwa kwamba kuna msiba. Alimpigia tena, simu ikalia mpaka ikakata. Mtaani walimpa salamu mpya. Akipita wanamuuliza, injenia, leo nyumba yako imelala wapi? Mwanzoni alijibu kwa mzaha kwamba imelewa. Siku hizi anavuka barabara kabla hawajamwona. Amepata kazi kwenye depo ya saruji, anapokea mifuko na kuipanga, anarudi na nyusi nyeupe. Tablete ameiweka juu ya kabati, na dada yetu anaiazima kusomea.

Watu wazima wa avenyu, mama jirani akiwemo, wanamsifu mbele yangu. Wanasema amemlipa yaya yake miaka yote aliyomsomesha. Yamekwisha, wanasema, hana deni tena.

Mimi sioni hivyo. Mimi shule niliachishwa na vifo, hakuna mtu aliyenituma. Yeye alikuwa na kazi mkononi, akaniuliza, na mimi nikamtuma akaiue mbele za watu. Ningeulizwa leo ningemtuma tena. Shimo ni letu, tunalitumia kila siku, mawe ya msingi nimeanza kuyalimbikiza. Lakini kwamba ningemtuma tena hakupunguzi kitu.

Juma lililopita nilifunga mashine mapema, nikapanda pikipiki mpaka Mugunga kumtafuta yule muuza mbao. Alinipokea vizuri, akanipa kiti. Nilimweleza kwamba mtu anayesimama mbele ya avenyu nzima na kusema nilikosea, huyo ndiye wa kumpa nyumba yako aichore. Alinisikiliza, akasema maneno yangu ni ya kweli. Kisha akasema atajenga mambo yakitulia, akanisindikiza mpaka barabarani.

Niliporudi mdogo wangu alikuwa ananawa saruji kwenye beseni. Aliniuliza nilikuwa wapi. Nilimwambia nilikwenda kununua uzi. Alitazama mikono yangu, hapakuwa na uzi. Akaendelea kunawa, nami nikakaa kwenye mashine. Deni langu kwake bado lipo, na sijui nitalilipa kwa kitu gani.